Simu Niliyoipokea kwa Jina la Mwanangu

Nilimwonea wivu mwanangu. Naandika sentensi hii fupi baada ya kuikana kwa karibu miaka ishirini, mbele ya marafiki, mbele ya mchungaji, na mara moja mbele ya daktari ambaye hata hakuwa ameniuliza. Sikumwonea wivu kwa ujana wake wala kiuno chake, ambavyo angalau vingeeleweka. Nilimwonea wivu kwa sababu mama yangu alimpenda yeye, tena alimpenda kwa sauti, wakati mimi sikumbuki kupendwa hata kwa kunong'onezwa.

Mtu aliyeugua saratani ya titi hatarajiwi kuanzia hapo. Wanawake wanaonipigia siku hizi kuuliza dripu ilikuwaje hutaka niwaeleze kichefuchefu, kucha, nywele. Nitafika huko. Ila kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi, bahasha ya majibu iko mapajani, nakuonya mapema: ugonjwa huu ni mgeni anayeingia mpaka chumba cha ndani. Atayaona hata yale uliyoyasukuma chini ya kitanda.

Naitwa Limi. Naishi Shinyanga mjini, nafundisha chuo cha ualimu, na kwa miaka kadhaa nimeandika makala za gazetini kuhusu malezi. Ndiyo, malezi. Nimewashauri akina mama wa nchi nzima namna ya kuzungumza na mabinti zao, huku mimi na binti yangu tukiandikiana "sawa" na "nimeona".

Milembe nilimzaa nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Alipofikisha miezi saba nilimpeleka kwa mama yangu Runzewe, nikarudi kwenye mihadhara. Mama naye anaitwa Milembe. Mtoto alirithi jina lake, kwa hiyo mama akamwita somo. Kwetu Wasukuma bibi na mjukuu ni watani. Huitana wake wenza, kwa kuwa mjukuu wa kike ni "mke" wa babu. Sasa, wake wenza ndio wanaotakiwa kuoneana wivu. Katika ukoo wetu aliyeona wivu ni mimi, ambaye sikuwamo kabisa katika ndoa hiyo.

Mtoto alipofika miaka sita nilikwenda kumchukua. Nilikuwa na kazi, na nyumba ya kupanga yenye umeme. Alishika kitenge cha bibi yake kwa mikono miwili, nikambandua kidole kimoja kimoja. Mama hakunizuia. Alisema tu, "Mama Milembe, mtoto habebwi kama begi la stendi." Tangu siku hiyo mimi na mama tukawa watu wa salamu za sikukuu, na hata hizo zilipitia kwa mtoto: mwambie mama yako, mwambie bibi yako.

Milembe akakua. Nilitaka awe mwanasheria. Aliacha chuo mwaka wa kwanza, akaenda Buseresere kufungua mgahawa wa mabati, akawa anawapikia wachimbaji wanaotoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, wakiwa weupe kwa vumbi kama wametoka mashine ya unga. Kutoka hapo kwa bibi yake ni basi moja tu. Kila jioni walipigiana simu. Najua, kwa sababu kila alipokuja kunitembelea nilimsikia kupitia ukutani: "Nimekula, bibi. Wali na samaki. Na wewe, mke mwenza, umekula nini?"

Mimi nina shahada mbili, na mama yangu hakuwahi kuniuliza nimekula nini.

*

Uvimbe niliugusa nikioga, mwezi Machi, mvua ikipiga bati. Msimu wa kununua pamba ulipoanza, mwezi Mei, titi la kushoto halikuwepo tena. Katikati palikuwa na benchi. Sijui niseme nini kingine kuhusu miezi ile isipokuwa benchi: la Shinyanga, halafu la hospitali ya rufaa Mwanza, refu, la mbao, lililong'arishwa na makalio ya waliotutangulia. Ukiwahi asubuhi unapata upande wa dirishani. Upande wa dirishani una upepo, na mtu anayesubiri kuitwa jina lake anahitaji kitu kinachosogea cha kutazama.

Siku ya dripu ya kwanza muuguzi alinitazama, akatazama nyuma yangu, kama anayetafuta mkia.

"Mama, msindikizaji wako yuko wapi?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hapa hakuna mwenyewe, mama. Dawa hii ina heshima zake. Piga simu."

Nilimpigia Milembe kwa sababu sikuwa na mwingine, na kwa sauti ya mtu anayeomba arudishiwe kitabu alichoazimisha. Saa nane mchana aliingia na ndoo ndogo ya uji, bado ananukia moshi wa kuni.

"Wachimbaji wako watakula nini?" nikamuuliza.

"Watakula kwa jirani. Mama, nyoosha mkono."

Dawa ile ni nyekundu kama juisi ya rozela. Ukienda chooni unatoa juisi hiyohiyo, na kama hukuambiwa mapema utapiga yowe. Sasa umeambiwa.

Pembeni yangu alikaa Mama Shija, mfugaji kutoka Maswa, dripu ya nne, amekuja na mama yake mzazi. Yule bibi alikuwa na miaka themanini na kitu, mgongo umepinda, na alikuwa akimlisha bintiye uji kwa kijiko.

"Meza! Ulipokuwa na meno mawili ulimeza. Leo una kinywa kizima unanichezea?"

"Mama, watu wanatutazama."

"Watazame. Hawajaona mtu na mwanawe?"

Benchi zima likacheka. Nami nilicheka, halafu nikageukia dirishani. Nilikuwa nimemwonea wivu mwanamke mwenye saratani, kwa sababu ya kijiko.

"Na bibi wa binti huyu yupo?" Mama Shija akaniuliza baadaye.

"Yupo Runzewe."

"Mbona haji?"

"Ana mifugo mingi."

Mama yangu ana kuku wanne. Alikwishaambiwa na Milembe kuhusu upasuaji, kuhusu Mwanza, kuhusu kila kitu. Jibu lilinifikia kwa njia yetu ya kawaida: "Bibi anasema pole."

*

Baada ya dripu ya pili nywele zilitoka kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Nikaenda kwa kinyozi nikamalizia zilizobaki. Kucha zilipata rangi ya biringanya. Kila chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Upande wa kushoto niliweka kipande cha kanga ndani ya sidiria, na siku moja, nikiwa nafundisha saikolojia ya mtoto, kilipanda mpaka karibu na bega. Wanafunzi wangu walitazama ubao kwa adabu ambayo sikuwafundisha mimi.

Ilikuwa Julai, majira ya kuanika viazi. Milembe akaniambia, "Mama, twende Runzewe ukaonwe."

"Kama ninaonwa, si yeye ndiye aje?"

"Mama. Twende."

Tulipanda basi, kisha bodaboda mbili. Njiani joto likanizidi, nikavua kilemba nikakitia mkobani. Hilo ndilo kosa langu, nami ni mtu niliyewahi kuandika insha ya kurasa ishirini kuhusu mila za maziko za Wasukuma. Kwetu kichwa cha mwanamke kikiwa kipara kina maana moja tu: amezika mtu wake wa karibu. Nililijua hilo kwenye karatasi. Kichwani, mahali lilipohitajika, halikuwepo.

Milembe alisimama dukani kununua sukari ya bibi yake. Nikatangulia peke yangu. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anakata viazi vitamu vipande vyembamba vya kuanika, michembe yetu. Akainua uso. Kisu kikamponyoka.

"Milembe!" akalia. "Mayu we! Somo yangu! Mmemzika wapi bila mimi?"

Akaanguka juu ya michembe. Dakika mbili hazikupita, majirani walikuwa wamejaa, kanga viunoni, wanalia kabla ya kuuliza, kama heshima inavyotaka. Mzee mmoja alikwishaanza kupasua kuni za matanga. Mimi nilisimama katikati nikisema "hapana, hapana", neno ambalo msibani kila mtu hulisema, kwa hiyo halikumsaidia yeyote.

Milembe akatokea na mfuko wa sukari.

"Nani kafa?"

Vilio vikakatika.

"Wewe hapo," jirani mmoja akamjibu.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Mzee wa kuni akaomba aruhusiwe kuziacha, zitafaa siku nyingine. Mama alimshika Milembe mashavu kwa mikono yenye utomvu wa viazi, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nyanya. Halafu akanigeukia mimi.

"Nani alikufundisha kunyoa bila msiba?"

"Ni dawa, mama. Zilitoka zenyewe."

"Ungefunga kitambaa."

"Nilisikia joto."

"Joto! Umeniua kwa sababu ya joto!"

Nilipaswa kucheka pamoja nao. Badala yake ukasema ule wivu wangu wa miaka ishirini, kwa Kiswahili sanifu.

"Mama, kama ningekuwa nimekufa mimi, ungelia hivyo?"

"Mama!" Milembe akanikemea.

Mama akainama, akaanza kuokota vipande vya viazi, anapangusa vumbi kimoja kimoja, anavirudisha mkekani.

Tuliondoka siku hiyohiyo kwa basi la mchana. Wakati wa kuagana alimpa Milembe furushi la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. "Mpe mama yako," akamwambia. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake.

*

Kuanzia dripu ya tatu hadi ya sita Milembe alihamia kwangu. Alifunga mgahawa, akaniogesha, akanikandia miguu iliyokuwa ikiwaka moto, akanigombeza. Nsansa alinipikia kwa karanga huku amefungua madirisha yote na kufunika pua kwa kanga. Ndicho chakula pekee ambacho hakikuwa na ladha ya msumari. Nilikila siku nne mfululizo.

Simu yake ilikuwa na betri mbovu, haikai bila chaji, hivyo aliiacha mezani kila alipokwenda sokoni. Siku moja, saa nne asubuhi, iliita mara tatu mfululizo. Kwenye kioo: Bibi. Nikapokea ili ninyamazishe kelele. Vidonda vya mdomoni vilikuwa vimeifanya sauti yangu kuwa nyembamba na ya kukwaruza.

"Somo?" mama akasema.

Ningeweza kusema, ni mimi, mama. Maneno hayo nilikuwa nayo. Nikasema, "Abee, bibi."

"Umekula nini?"

Naomba uelewe. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, sina nywele wala nyusi, nimekaa kwenye sofa langu mwenyewe, na ndiyo mara ya kwanza mama ananiuliza nimekula nini.

"Ugali na nsansa," nikasema.

Akanyamaza kidogo. Nilidhani mtandao umekatika.

"Vizuri," akasema. "Na mama yako? Bado anatapika?"

"Kidogo."

"Mwambie anywe uji wa ulezi, polepole, asijifanye msomi mbele ya uji. Haya, wabeja, asante, somo yangu."

Alipokata, niliifuta simu ile kwenye orodha kama kijana anayechepuka. Milembe aliporudi na mchicha nilimwambia hakuna aliyepiga.

Kesho yake nilikaa karibu na meza kuanzia saa tatu na nusu. Ikaita. Baada ya hapo ilikuwa karibu kila siku, saa nne, na mimi nilikuwa Milembe kamili, nikiitika abee, nikicheka kicheko chake. Mama alizungumza nami kama ambavyo hakuwahi kuzungumza nami. Alinieleza kuku gani anatotoa, jirani gani kagombana na mkwewe. Siku moja, bila kuulizwa, akasema:

"Mama yako alipokuwa darasa la kwanza alipata surua. Nilimbeba mgongoni kutoka kijijini hadi zahanati, asubuhi mpaka jua likaegemea. Unajua alifanya nini? Aliona nimechoka, akawa ananisomea herufi alizofundishwa. A, e, i, o, u. Sikioni hapa. Anachoma kwa homa, anasoma. Nikasema moyoni, huyu ataondoka. Huyu kalamu itamchukua. Ndiyo maana wewe nilikushika kwa nguvu, somo yangu. Nilikwishajua namna mtoto anavyoondoka."

Nilishukuru, nikakata, nikalia. Halafu, na hili nalikiri kwa aibu kuliko yote, nikaona wivu upya. Hadithi ilikuwa yangu, mgongo ule nilibebwa mimi, lakini aliyehadithiwa ni Milembe. Nilimsaidia kumpokelea zawadi, basi.

*

Dripu ya sita ilikwisha mwishoni mwa Septemba. Oktoba yote nilikuwa Mwanza kwa mionzi, Milembe yuko nami, ngozi ya kifua imekuwa kama ganda la kiazi kilichoungua jivuni. Tuliporudi Shinyanga mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka na nywele zangu zimeanza kuota, za mviringo, za kitoto. Daktari alisema nirudi baada ya miezi mitatu. Ukifika hapo utafurahi, halafu utaogopa, kwa sababu miezi mitatu bila benchi ni mirefu.

Nilimsindikiza Milembe stendi. Kabla hajapanda basi la Buseresere nikamwambia, kwa sababu kama ningengoja tena ningeandika makala badala ya kusema:

"Nimekuwa nakuonea wivu. Kwa bibi yako. Tangu ukiwa mdogo."

Akaweka begi chini.

"Wewe? Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea."

"Wa nini?"

"Mama, unadhani kule Runzewe nilikuwa nani? Alinivalisha magauni yako ya zamani. Nikianguka gauni likachanika, anasema Limi hakulichana hivi. Nikikataa kula, Limi alikuwa anamaliza. Siku nzima Limi, Limi. Nikajua huyo Limi lazima ni mtu wa ajabu. Halafu ukaja kunichukua, na hukujua hata mkono gani natumia kulia chakula."

Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi. Nikamuuliza ni mkono gani. Akaniambia wa kushoto. Akacheka, akanikumbatia upande wa kulia, ule usiouma, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, akapanda.

Akaondoka na simu yake.

Sikulifikiria hilo mpaka kesho yake, saa nne, nilipojikuta nimekaa mbele ya meza tupu. Siku ya pili hivyohivyo. Sasa mama alikuwa akimpigia Milembe wa kweli, na Milembe wa kweli alikuwa akimwambia amekula nini. Wivu ulikaa nami kwenye sofa, umenenepa, una nafasi ya kutosha. Nilifikiria kumpigia. Nilishika simu mara kadhaa. Ningejitambulisha kama nani?

Jumanne ya wiki iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha kidogokidogo. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Simu iliyoita ilikuwa yangu. Kwenye kioo: Mama. Miaka mitatu nyuma Milembe aliipanga simu ndogo ya bibi yake, mtu asiyesoma: ukibonyeza mbili na kushikilia, unampata Milembe, ukibonyeza tatu, unampata Limi. Tatu haikuwa imewahi kubonyezwa.

"Limi," akasema. Kwa kawaida huniita Mama Milembe.

"Abee, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Somo yangu ameondoka na simu. Sasa nikupigie wapi?"

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Niliitazama.

"Umenyamaza nini? Ulidhani sijui? Milembe hali nsansa tangu ameota meno. Siku ya kwanza uliposema umekula nsansa, nikasema, aa, huyu ni wangu. Na saa nne somo yangu yuko sokoni, mwenyewe aliniambia jioni ile. Ningempigia saa nne nikitafuta nini?"

"Mbona hukusema, mama?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nyuma yake kuku alikuwa anatangaza yai. Akamngoja amalize.

"Lile swali lako la siku ya michembe. Nimekaa nalo. Nikasema, huyu amesoma, nisimjibu ovyo. Sasa sikiliza. Anayenyoa ni mfiwa. Mfiwa yu hai. Nilikuona umesimama pale na viatu vyako, nikajua wewe upo. Aliyekosekana ni mwingine. Ningekulilia vipi nawe nakuona?"

Niliiweka kalamu juu ya mitihani.

"Na ungekuja wewe nyuma, Milembe akatangulia na kichwa kile," akasema, na sauti yake ikapungua, "ningelia jina gani, Limi? Niambie wewe mwenye vyeti."

Mvua ilikuwa imekaza. Nililia bila kuficha, na yeye alinisikiliza bila kuninyamazisha, mpaka nikamaliza.

"Haya," akasema. "Umekula nini?"

"Bado sijala."

"Saa nne hii! Kata simu ukale. Nitabonyeza tena hiyo tatu."

Sikukata. Nilikwenda jikoni simu ikiwa sikioni, nikafunua sufuria, nikagonga mwiko ukingoni, ili asikie.